Sitaki Mbwa Rafiki wa Kila Mtu, Nataka Mbwa Anayepita

Simba anaogopa mwavuli. Nalisema hili mapema ili jina lisikudanganye. Ana kilo 32, kichwa kama jiwe la kusagia, na sauti inayotikisa madirisha ya jirani. Lakini mwaka jana mvua ilitukuta barabarani hapa mtaani South C, Nairobi, mama mmoja akafungua mwavuli wake hatua chache kutoka tulipokuwa, na Simba akarudi kinyumenyume mpaka ukanda ukamchomoka kichwani. Akajisukuma chini ya Probox iliyoegeshwa. Mama wa watu akainama kumwonea huruma, akabwekewa mpaka mkoba ukamdondoka.

"Mbwa wako ni mkali sana," akaniambia.

Nikamwomba radhi, nikamwokotea mkoba. Ningejua wakati ule ninayoyajua leo, ningemjibu kuwa Simba si mkali, ni mwoga, na kwamba kubweka kule kulikuwa kumwambia: tafadhali, kaa mbali.

Nilimchukua akiwa na miaka minne au mitano hivi, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Kitengela na hakuwa na pa kumpeleka. Mchana alishinda kwenye mnyororo nyuma ya nyumba, usiku akafunguliwa kulinda ua. Getini palikuwa na kile kibao cha Nairobi nzima: MBWA KALI. (Sarufi inataka "mbwa mkali", najua, lakini sijasikia mwizi akisahihisha.) Mbwa wa namna hii hulelewa makusudi asizoee kitu. Hatolewi nje, mgeni hamgusi, watoto hufundishwa kumpitia mbali. Siku mwenyewe akihama, ndipo tunashangaa mbona mnyama huyu hajui kutembea barabarani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mbwa ubichi wenyewe ni mfupi kuliko tunavyodhani. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka 1965: kipindi ambacho mtoto wa mbwa huzoea watu na mambo ya dunia kwa urahisi huanza akiwa na wiki 3 na kufifia akiwa na wiki 12 hivi. Miezi mitatu tu. Simba aliimaliza yake akitazama ukuta wa mawe.

Hapo wengi hukata tamaa, wakasema mbwa mzima hafundishiki. Mimi nakataa. Ng'onda hakunjiki, kweli, lakini hulowekwa. Ila lazima alowekwe polepole, na darasa letu la kwanza la mafunzo ya mbwa halikuwa na habari ya polepole.

Darasa lenyewe sitalitaja. Mbwa kumi na wawili katika duara moja, kila mmoja mita mbili kutoka kwa mwenzake. Mkufunzi, kijana mwenye sauti ya gwaride, alituambia tuwaache wasalimiane, watazoeana tu. Simba alilamba midomo. Akapiga miayo. Akageuza kichwa pembeni huku jicho likibaki pale pale, hadi weupe wake ukaonekana kama mwezi mwandamo. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa anaomba nafasi kwa lugha yote aliyo nayo, na pale uwanjani hakuna aliyekuwa akisikiliza. Labrado mmoja mchangamfu akamjia usoni moja kwa moja. Simba akanguruma. Mkufunzi akavuta mnyororo wa kubana shingo. Labrado akaja tena, na safari hii Simba hakunguruma: aliruka akauma hewa, kidole kimoja tu kutoka kwenye sikio la mwenzake. Kisha akajikojolea.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Kumwadhibu mbwa kwa kunguruma ni kumnyang'anya soja filimbi. Usiku unakuwa kimya, na wewe unalala ukidhani ni usalama. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko mwaka 2021 kwamba mafunzo yote ya mbwa, hata ya wale wenye matatizo makubwa, yafanywe kwa kutumia zawadi. Bado huku kwetu ukimwambia mtu unamfundisha mbwa kwa maini anakuona umedekezwa na mjini.

Darasa la pili nililipata baada ya miezi minne ya kumtembeza saa kumi na moja asubuhi, mimi na yeye na wauza magazeti. Lilikuwa upande wa Lang'ata. Kabla hatujakubaliwa, mama anayeliendesha aliniuliza maswali nusu saa kwenye simu, akataka kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha akaniagiza kwanza nimpeleke Simba kwa daktari akaguliwe masikio, meno na nyonga, maana mbwa mwenye maumivu hafundishiki. Alikutwa na sikio lililooza kwa ndani. Mwaka mzima nilikuwa nikimlaumu kwa kukataa kuguswa kichwa.

Mbwa walikuwa watano. Tuliingia mmoja mmoja, tukipishana dakika tano, kila mtu akiegesha gari au kusimama nyuma ya shuka kuukuu lililotundikwa kwenye kamba ya nguo. Hakuna kusalimiana. Saa nzima ya kwanza Simba hakumwona mbwa hata mmoja. Aliwasikia tu, akala maini ya kuchemsha niliyoyakatakata kama punje za mahindi. Nilirudi nyumbani nikihisi nimeibiwa ada. Wiki ya pili shuka lilifunuliwa kidogo. Hatua arobaini kutoka kwetu alikuwa amelala mbwa jike mzee wa yule mama, asiyejali lolote duniani. Simba akamwona. Masikio yakasimama. Mimi nikampa ini. Akatazama tena, ini tena. Kazi yote ni hiyo. Mbwa mwingine akionekana, ini linashuka. Akijificha, mkono unaingia mfukoni. Simba akikataa kula, umesogea karibu mno, rudi nyuma bila kugombana naye.

Jambo hili si geni wala si la mbwa peke yao. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, aliyeogopa sungura. Alimsogeza sungura kidogo kidogo siku baada ya siku huku mtoto akila, na pia alimwachia Peter acheze karibu na watoto watatu wasiomwogopa sungura. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Johannesburg, aliwatibu hofu paka waliotishwa katika maabara kwa kuwalisha kwanza katika chumba kisichofanana na kile cha mateso, halafu kinachofanana kidogo, mpaka wakala mle mle walimoogopeshwa. Ninapenda hasa wale watoto watatu wa Peter. Ndiyo sababu naona darasa la kikundi lina kitu ambacho mkufunzi wa kuja nyumbani hawezi kukupa: mbwa jike mzee aliyelala hatua arobaini, akionyesha kwa mwili wake kuwa hapa hakuna neno.

Nakiri si kila mbwa anafaa kwa darasa. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja aliambiwa kwa upole asirudi kwanza, mbwa wake alikuwa akitetemeka tangu anaposhuka garini mpaka anapopanda, na akashauriwa amwone daktari kuhusu dawa. Alikasirika. Mimi nilimheshimu mkufunzi zaidi, kwa sababu ada alikuwa ameshaipokea na akamrudishia.

Wenye mbwa wengi, hasa wanaojifunza kwenye video za ng'ambo, huja darasani wakitaka mbwa wao awe rafiki wa kila mtu, acheze na mbwa wote, amsalimie kila mpita njia. Sielewi haja hiyo inatoka wapi. Mimi ninaishi South C, misikiti iko karibu, na jirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi: pua ya Simba ikigusa kanzu ya mzee anayekwenda swala ya alfajiri, nimemrudisha nyumbani kuosha mara saba, moja kwa udongo. Upendo wa mbwa wangu kwake ungekuwa bughudha tupu. Na jirani asiye Mwislamu naye aliwahi kufukuzwa na mbwa utotoni, akisikia "hana shida, ni rafiki tu!" anaruka mtaro. Mtaa wangu hauhitaji mbwa anayesalimia. Unahitaji mbwa anayepita.

Nilipomweleza mkufunzi hivyo alicheka, akasema nimemrahisishia kazi nusu. Urafiki humtaka mbwa mwoga akubali kuguswa na mgeni, kupanda hofu yake yote hadi kileleni. Kupita kunamtaka ajue kwamba yule mwingine hamhusu. Hata mbwa mzima aliyekulia kwenye mnyororo anaweza kuelewa hilo.

Ila aliyefundishwa zaidi pale ni mimi. Niligundua kwamba kila nikiona mbwa mbele ninaikaza kamba na kubana pumzi, na Simba, ambaye hata hajamwona huyo mbwa, anapata taarifa kupitia mkono wangu. Mkufunzi alinifanya niimbe. Kweli, niimbe, ili nilazimike kupumua. Kwa hiyo ukimwona mtu mzima Jumamosi asubuhi akimwimbia mbwa nyimbo za Sunday school huku akimgawia maini, usimcheke.

Wiki ya sita, mbwa wote wanne waliobaki tukiwa wazi bila shuka, kila mmoja hatua kumi na mbili kutoka kwa mwenzake, yule mwenye mbwa wa mwisho aliangusha bakuli la chuma. Mlio ule ungemrudisha Simba Kitengela. Akashtuka, akainuka nusu, akatazama bakuli, akawatazama wale mbwa. Halafu akageuza kichwa chote, akanitazama mimi. Maini yalikuwa yamekwisha. Nilimpa kipande cha soseji ya smoki nilichokuwa nimebakisha cha kwangu.

Majuzi tumekutana na mzee wa ghorofa ya chini akitoka swala, njia ikiwa nyembamba kati ya ukuta na magari. Simba alipita upande wangu wa kushoto, pua chini, kama mtu aliyechelewa kazini.

"Huyu mwenzako amepata adabu, mashallah," mzee akasema.

"Alhamdulillahi, mzee. Yuko shule."

Mwavuli bado. Tunaufanyia kazi uwanjani, ukiwa umefungwa na kulazwa chini, na tumefika hatua kumi na tano. Ukiinuliwa anaacha kula. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, na mimi nimejinunulia koti refu la mvua lenye kofia.