Kichupa cha wanafunzi: kosa la pesa na kosa la kazi

Kazi za wanafunzi wanaotengeneza vichupa, yaani video za muziki, zinapoletwa kupimwa, waamuzi hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema kichupa ni kichupa. Mtazamaji wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, hafungui simu akiuliza nani kakipiga. Anakilinganisha na vile anavyoviona kila siku, basi mwamuzi naye afanye hivyo. Upande wa pili unajibu kwamba hawa wana simu moja na spika ya kuazima, na kuwapima kwa kipimo cha studio za Dar es Salaam ni kuwaonea. Wapimwe kwa walichojifunza.

Kila upande una hoja, lakini zote mbili zinachanganya vitu viwili: kosa lililotokana na kukosa pesa, na kosa lililotokana na kutofanya kazi. La kwanza mwanafunzi asikatwe hata alama moja. La pili asisamehewe hata kama alitembea kwa miguu kwenda kupiga picha.

Tuchukue kazi ya mfano, iliyokusanywa kutokana na mazuri na makosa yanayojirudia. Wimbo ni Bongo Fleva wa dakika 3 na sekunde 20, mapigo 100 kwa dakika. Msichana anamsubiri mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika. Simu ni moja. Sehemu ni tatu: Kibirizi panaposhukia boti, nje ya stesheni ya reli ya Kigoma, na darasa lililogeuzwa chumba cha msichana. Kuna bango la A3, kava la mraba na kionjo cha sekunde 20.

Kosa la kwanza kuonekana liko kwenye nyuso. Kibirizi, macho ya msichana ni mashimo meusi na paji la uso limeungua kwa mwanga. Upande wa huruma utasema hawakuwa na taa. Hawakuhitaji taa. Saa ya Tanzania imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, na Kigoma iko karibu na nyuzi 29.6, kwa hiyo jua hapa hufika utosini karibu saa 7 mchana, si saa 6, na huzama karibu saa 1 jioni. Kundi lililopiga picha saa 8 mchana likidhani jua limeshaanza kulala lilikuwa bado kwenye mwanga mbaya kuliko wote. Saa 11 na nusu hadi saa 1 kasoro ndiyo saa ya Kibirizi, jua likiwa upande wa ziwa na likimulika uso wa anayelitazama. Kama ruhusa ya shule inaisha saa 10, basi msichana aimbe kwenye kivuli cha mwembe au cha boti iliyopandishwa mchangani, na mwenzake ashike shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni. Shuka lipo kila bweni.

Jua likiwa nyuma ya mwimbaji, kosa hugeuka. Simu hupima anga na kuufanya uso kuwa kivuli tupu. Kwenye simu nyingi unabonyeza usoni na kushikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, ukikubali anga lipauke. Kundi likiamua kwa makusudi kumwacha msichana awe kivuli, hiyo ni sanaa na ipewe alama, ila iwe ni kwenye kiitikio peke yake na irudiwe kila kiitikio. Kivuli kikitokea mara moja katikati ya ubeti wa pili ni ajali.

Upande mkali huwa unakata alama kwa kukosa picha za juu. Hapa naupinga moja kwa moja. Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na pesa ya kukodi, na hakuna mwanafunzi anayepaswa kushindwa kwa sababu hiyo. Tena mji wenyewe umejengwa vilimani. Ukipanda kidogo, ghuba na boti ziko chini yako. Kundi lililopanda kilima likapata picha hiyo limeonyesha akili kuliko lililokodi droni.

Ndani ya darasa kuna mistari ya giza inayopanda na kushuka ukutani. Wengi huilaumu simu duni. Sababu ni umeme wetu: una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde, wakati simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana, na kufungua jicho lake kwa muda usiolingana na kumeta huko. Weka fremu 25 na ufunguzi wa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, mistari inakwisha. Programu za bure za kamera zinazokubali mpangilio huo zipo. Ikishindikana, zima taa na umweke mwimbaji karibu na dirisha.

Midomo ndiyo sehemu ambayo mwamuzi anapaswa kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Asitazame mdomo kwa jumla. Atafute sauti zinazolazimisha midomo ifungwe, yaani m, b na p. Kiswahili kimejaa sauti hizo. Neno kama bandari au mpenzi likisikika huku midomo iko wazi, kuna kosa. Akague sekunde ya 20, katikati, na kiitikio cha mwisho. Kosa likiwa lilelile pote, mhariri alibandika kipande vibaya, na kukisogeza ni kazi ya dakika moja. Kosa likikua kadiri wimbo unavyokwenda, chanzo ni simu kutorekodi idadi ileile ya fremu kila sekunde, hasa mwanga unapopungua. Programu ya kuhariri inadhani idadi haibadiliki, na picha inaachana na sauti polepole. Dawa ni kuigeuza faili iwe na idadi isiyobadilika kabla ya kuhariri, au kukata vipande vifupi na kuoanisha kila kimoja upya.

Kuna kosa la tatu la midomo, ambalo mwimbaji hulaumiwa bure. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa miguuni pa mwimbaji na simu iko mita 34 kutoka hapo, kama kwenye ile picha ya mbali ya Kibirizi, muziki unaifikia simu umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mhariri akioanisha kwa kutumia sauti iliyorekodiwa na simu, midomo itautangulia wimbo kwa fremu 2 au 3. Msichana aliimba sawasawa. Picha ndiyo inayotakiwa kucheleweshwa kiasi hicho.

Mikato nayo inahesabika. Kwa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, sawa na fremu 15 kwenye fremu 25. Mapigo manane ni sekunde 4.8, na ukikata kila mapigo manane wimbo huu unahitaji vipande kama 42. Kazi ya mfano ina pembe 6 zinazojirudia, na ikifika dakika ya pili mtazamaji ameshaziona zote. Siku ya kwanza wimbo mzima uimbwe mara nne kwa pembe nne tofauti. Hizo ni dakika 13 na sekunde 20, ambazo kwa ubora wa kawaida wa simu hazifiki GB 2. Siku ya pili zikusanywe picha ndogondogo: nyavu, mikono inayomwaga dagaa, miguu majini, saa ya ukutani. Anayetaka taa za wavuvi ziwakazo usiku ziwani aangalie mwezi kwanza, maana mwezi mpevu ukiwepo wavuvi wa dagaa hupumzika na ziwa linakuwa tupu.

Kuhusu uhusiano wa maneno na picha, mtafiti Andrew Goodwin alieleza mwaka 1992 kwamba picha za video ya muziki huweza kuyafuata maneno, kuyapanua, au kwenda kinyume nayo. Kazi ya mfano inayafuata tu: anaimba “natazama maji”, tunaona maji, anaimba “nalia”, tunaona chozi la matone ya dawa ya macho. Kufuata si dhambi, na kwa kazi ya kwanza kuna usalama wake, kwa kuwa mtazamaji hapotei. Lakini stesheni ilikuwa mkononi mwao na hawakuitumia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na inaishia hapa. Msichana anayesubiri boti mahali reli inapokwisha ni picha inayosema zaidi ya ubeti wenyewe. Kwao imebaki ukuta mzuri wa kuegemea.

Sasa bango, ambalo waamuzi wengi hulitupia jicho la sekunde mbili. Mimi ningelianza hilo kabla ya kichupa, kwa sababu ndivyo watu wanavyokutana na wimbo. Wapo wanaotaka bango liwe kichupa kilichogandishwa: mavazi yale, rangi zile, uso ule. Wapo wanaosema bango lina kazi yake ya kuvuta, na likisema kila kitu hakuna wa kubonyeza. Nadhani hawa wa pili wana haki kuhusu kisa, na wale wa kwanza wana haki kuhusu sura. Bango lisitoboe kama mtu yule alirudi; ila msichana awe yuleyule, na kitenge kilekile.

Bango la mfano limeshindwa pande zote mbili. Nyuma kuna ufukwe wenye minazi uliochukuliwa intaneti. Mtu yeyote wa Kigoma anaijua michikichi na mnazi anauhusisha na pwani, kwa hiyo ameshajua hapa si kwao. Mbele kuna picha ya msichana iliyokatwa kutoka kwenye video, na hapo hesabu ni kali: fremu ya video ina nukta 1,920 kwa 1,080, na ukikata kipande kilichosimama, urefu wa A3 wa milimita 420 unabaki na nukta 65 hivi kwa inchi. Wachapaji wanataka 300. Picha mnato ya simu ya megapikseli 12, yenye nukta 4,000 upande mrefu, ingetoa kama 240, na hiyo inatosha. Dakika kumi za picha mnato siku ya Kibirizi zingelimaliza tatizo. Bluu ya ziwa nayo hufifia au kuelekea zambarau ikitoka kwenye skrini kwenda kwenye wino. Nakala ya A4 ya kujaribia ichapwe kwanza, na ziachwe milimita 3 za kukatwa kila upande.

Jaribio la bango ni rahisi. Libandike ukutani, mtu asiyelijua asimame mita 3, apewe sekunde 5, aulizwe mambo matatu: nani anaimba, wimbo unaitwaje, unapatikana wapi. Bango la mfano linajibu moja tu. Picha ndogo ya YouTube ifanyiwe jaribio kama hilo kwenye simu halisi, ikikumbukwa kuwa kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video. Herufi mbili za mwisho za jina la wimbo zimezikwa hapo.

Zipo pia mali za watu. Biti iliyopakuliwa “bure” mara nyingi huja na sharti, na hakimiliki Tanzania inalindwa na Sheria Na. 7 ya 1999, chini ya COSOTA, ofisi ya serikali inayosimamia hakimiliki. Watoto wanaopita nyuma Kibirizi wana wazazi. Stesheni na bandari zinahitaji barua ya ruhusa, na hakuna picha inayostahili mtu kusimama juu ya reli. Hapa simwonei mwanafunzi huruma: barua ni karatasi moja.

Ubishi mkubwa uko kwenye kumbukumbu za kazi: orodha ya picha, ratiba yenye saa, na maelezo ya kilichobadilika. Wakali wanasema mtazamaji hasomi daftari, na ni kweli. Tena madaftari mengi huandikwa usiku wa mwisho kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Wapole wanataka lipewe nusu ya alama, nami naona hapo kichupa kinageuka insha. Lakini bila daftari huwezi kulitofautisha kundi lililohangaika na lile lililomlipa mpiga picha wa harusi. Njia ya haki ni kuliomba kundi lifungue mradi wa kuhariri mbele ya mwamuzi, lisogeze mkato mmoja, na lieleze kwa nini uko pale. Dakika 5 zinatosha kumjua mwenye kazi.

Ningegawa hivi: kichupa 60, bango, kava na kionjo 25, kumbukumbu na lile jaribio la dakika 5 alama 15 zilizobaki. Kazi ya mfano ingepata 36, 8 na 11, jumla 55. Hakuna hata alama moja iliyokatwa kwa ajili ya droni, kamera au gari la kifahari. Midomo ikisogezwa na bango likipigwa upya jioni moja, inafika 70 bila kununua chochote zaidi ya karatasi na wino. Nyuso za saa 8 mchana haziponi kwa kompyuta. Kwa hizo lazima kundi lirudi Kibirizi.