Saa 11 jioni mtoto awe ameshafika nyumbani

Kila kikao cha wazazi tunaambiwa matokeo yatapanda iwapo watoto watabaki shuleni kwa masomo ya ziada hadi saa 11 jioni. Tunapiga makofi, tunatawanyika. Mimi napinga, na napinga nikiwa mzazi mwenye binti wa kidato cha nne anayekwenda kwa miguu shule ya kata huku Tandahimba, mkoani Mtwara.

Kwanza, jua. Mtwara iko kusini mashariki ya nchi lakini saa tunazofuata ni zilezile za Kigoma iliyo magharibi, hivyo kwetu jua linatangulia kuzama kwa dakika 40 hivi. Mwezi wa sita, saa 12 jioni ikipita kidogo tu limeshakwenda, na giza halichelewi. Binti aliyetoka shule saa 11 na ana mwendo wa saa moja na nusu, kipande cha mwisho anakipita gizani, katikati ya mikorosho, ambako hata mtu wa kumwitikia hodi hayupo. Ndipo bodaboda anaposimama na kusema, panda nikusogeze. Lifti ya namna hiyo ina bei yake, na wazazi tunaijua. Nashukuru kwamba tangu mwaka 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, lakini njia salama ingewaepusha wengi na safari hiyo.

Akifika nyumbani siku haijaisha. Huku kwenye uwanda wa Makonde maji yako mbali chini ya ardhi, na bomba lisipotoka kuna foleni ya ndoo. Kisha jiko. Kisha vyombo. Na mtihani wa taifa wa kidato cha nne unaangukia Novemba, korosho zikiwa zimepamba moto. Wasioijua kazi hii wanadhani ni kuokota tu. Unainama chini ya mti, unaokota bibo, unazungusha korosho mpaka inang'oka, maji ya bibo yanachuruzika hadi kwenye kiwiko na doa lake halitoki kwenye nguo. Baada ya hapo kuna kuanika, kuchambua, kujaza magunia ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika. Familia isiyo na vibarua inawategemea watoto, na siwezi kuilaumu, maana hela hiyohiyo ndiyo inayonunua sare na madaftari. Mtoto huyo anafungua kitabu saa 3 usiku, analala kabla ya ukurasa wa pili, na saa 10 alfajiri anaamshwa awahi namba shuleni.

Sasa jiulizeni anajifunza nini katika kipindi cha ziada cha saa 10 jioni, tumboni hana kitu tangu uji wa asubuhi. Mwalimu mwenyewe amechoka. Amesimama tangu asubuhi, ubao umejaa, nusu ya darasa wamelalia madawati.

Ninachotaka ni hiki: chakula cha mchana kiwepo, saa moja ya kujisomea iingizwe kwenye ratiba kabla ya saa 9 alasiri, mwalimu akiwa darasani kujibu maswali, kisha watoto waende zao mwanga ukiwepo. Mazoezi ya nyumbani yapungue mwezi wa 10 na wa 11.

Najua mtaniuliza chakula kitatoka wapi. Tatizo letu ni majira ya kuchangishana. Barua ya mchango inakuja Machi, mvua zinanyesha na mzazi hana hata senti, anaonekana mkaidi. Ije Novemba, malipo ya mnada wa korosho yakiingia, tulipe mahindi na maharage ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nani huku atakataa wakati huo? Wenyeviti wa bodi za shule, liwekeni jambo hili kwenye ajenda kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.