Eliot si mkavu hivyo
Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anadai T. S. Eliot alikuwa mshairi mkavu asiyejua mapenzi. Mimi sikubali. Prufrock, mwanamume anayezungumza katika shairi lake la 1915, anapenda, tena sana. Kinachomponza ni kuahirisha. Anajiambia muda upo, muda upo, huku nywele zinapungua utosini. Nilipolisoma shairi hilo nikiwa kijana nilimcheka. Juzi nimelirudia, kicheko kikanikauka (na mimi upara umeanza, basi tu). Eliot mwenyewe, akimjadili Dante, mshairi wa kale wa Italia, mwaka 1929, aliandika kwamba ushairi wa kweli unaweza kutufikia kabla hatujauelewa. Kwangu ulifika mapema, kuelewa ndiko kulikochelewa. Halafu mbona makala haikutaja kwamba alioa tena 1957, akiwa na miaka 68, akamtungia mkewe shairi la mahaba waziwazi?