Gemu ya Bibi: tunaiogopa sisi au watoto?

Juzi dada yangu kanipigia simu analalamika, mwanae wa miaka 11 siku hizi haendi chooni usiku mpaka asindikizwe, na chanzo ni Granny, ile gemu ya bibi mwenye rungu. Anataka mjomba mtu niende nikamwambie aifute. Nikaenda kweli kwake Ngamiani, Tanga, tukaingia na mpwa wangu ndani ya chandarua, hedifoni yake upande mmoja umekufa, akanipa simu nicheze. Tangu siku hiyo nabishana na dada.

Hii gemu imetoka 2017, aliyeitengeneza anajiita DVloper. Unaamka umefungiwa ndani ya nyumba ya bibi, una siku 5 za kutoroka, akikukamata siku moja imeenda. Silaha zipo ila zinamlaza tu kwa muda. Kubwa ni sauti, yaani bibi anasikia kila kitu, ukiangusha chochote huyo anakuja.

Mi nikaangusha nyundo dakika ya pili tu. "Mjomba! Chini ya kitanda!" Na hapo mtoto ananong'ona, bibi yuko ndani ya simu lakini mtoto ananong'ona, nikajikuta na mimi nabana pumzi.

Ndio nikakumbuka mchana wa kwetu. Marehemu bibi akishakula wali wake analala mkekani, nyuma yake kabati lenye halua, mlango wa kabati bawaba zimeliwa na chumvi ya bahari, ukiuvuta unalia. Tulijua kuunyanyua kidogo kwanza ndio uuvute, tulijua akiacha kukoroma unaganda hapohapo na mguu juu. Alafu unasikia "nani huyo?" na macho hajafumbua. Usiku kombolela, hiyo hiyo ya kujibanza gizani unasikiliza nyayo za anayekutafuta. Sasa leo tunashangaa mtoto anapenda nini kwenye gemu ya kujificha?

Na kuna akili humo jamani. Vitu vinabadilishiwa sehemu ukianza upya kwa hiyo huwezi kukariri. Mpwa wangu kagundua mwenyewe kwamba kelele unaweza kuitumia, anaangusha chombo juu makusudi, bibi akipanda yeye keshashuka kwa njia nyingine. Nimemuona amekaa kabatini anasubiri, hagusi kitu, huyu mtoto ambaye kwenye gemu za risasi kidole hakitulii. Isitoshe ukishaidaunilodi unacheza bila bando, na simu za watoto wetu ni zile zilizorithiwa kwa mama, skrini ina nyufa.

Ila dada naye ana hoja, usingizi wa mtoto sio kitu cha kubishania, na gemu za bure zina matangazo, bando likiwa wazi hujui mtoto atabonyeza nini. Mdogo wa miaka 5 anayechungulia simu ya kaka yake ndio kabisa asiione.

Iliyonikaa ni hoja ya mzee mmoja pale barazani. Kasema nchi hii hii, huko Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi eti macho mekundu, kumbe ni moshi wa kuni wa miaka na miaka, leo mnampa mtoto gemu ambayo bibi ndio jini? Hapo nilinyamaza. Aliyeitengeneza sidhani kama alikuwa na hayo kichwani, lakini simu imeshikwa huku kwetu. Nikamuuliza mpwa wangu, huyu bibi unamuonaje? Kaniangalia kama mshamba, "Mjomba, huyu sio bibi, ni Granny." Yaani aliyemtafsiri ni sisi wakubwa. Haimalizi hoja ya mzee, ila mi ilinipa pumzi.

Tumefika mwafaka na dada, haifutwi ila baada ya magharibi simu inarudi kwa mama, acheze mchana. Shida mchana ndio bibi yake wa kweli, mama yangu mimi, kajilaza ukumbini, na yeye hataki kelele, kwa hiyo mtoto akikamatwa na Granny inabidi apige ukelele wake kimoyomoyo.