Sindano mbili kwenye rafu ya vitabu

Juni 2004, mwendesha baiskeli Mwingereza David Millar alikuwa mezani katika mgahawa mmoja wa Bidart, kusini-magharibi mwa Ufaransa, akila chakula cha jioni na Dave Brailsford wa timu ya taifa ya baiskeli ya Uingereza. Polisi waliingia wakamchukua, wakaenda naye hadi nyumbani kwake Biarritz, wakaanza kupekua. Kwenye rafu ya vitabu walikuta mabomba mawili ya sindano yaliyokwisha kutumika, yenye mabaki ya EPO, dawa iliyokatazwa michezoni. Hakuwa ameyasahau pale. Aliyahifadhi mwenyewe, yamkumbushe jambo alilokuwa amejiapiza kutolirudia.

Wakati huo alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2003 huko Hamilton, Kanada, alishinda mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa na kumwacha Michael Rogers wa Australia kwa zaidi ya dakika nzima. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 23, alishinda siku ya kwanza ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, na kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza, akimzidi Lance Armstrong kwa sekunde 2. Baada ya kukiri alivuliwa ubingwa, dhahabu ikaenda kwa Rogers, timu ya Cofidis ikaachana naye, akafungiwa miaka miwili.

Alirudi Tour ya 2006, na akaendelea kushindana hadi 2014. Je, alistahili kurudi? Mimi naamini alistahili. Lakini sababu inayotajwa sana, kwamba alikiri na kutubu, naiona ni dhaifu, na wanaompinga wana hoja nzito kuliko mashabiki wake wanavyokubali.

Kwanza, huko kukiri kwenyewe. Millar hakuwahi kukutwa na dawa katika kipimo chochote. Laiti wapelelezi wasingefika Biarritz, huenda angestaafu na ubingwa wake mkononi. Alikiri akiwa mikononi mwa polisi, mabomba ya sindano yakiwa yamekwisha kupatikana. Aliyoyasema baadaye yalikuwa ya kweli na yalimgharimu, sina shaka. Hata hivyo, mtu anayefunguka baada ya kushikwa hawezi kuwekwa kundi moja na yule anayejitokeza mwenyewe.

Pili, faida. Kwa Kiswahili tumezoea kusema dawa za kusisimua misuli, ila EPO haisisimui msuli wowote. Ni homoni ambayo figo hutengeneza ili mwili uzalishe chembechembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Anayejidunga ya maabara anaongeza wabebaji hao, na mguu unachelewa kuchoka mlimani. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo miaka miwili ya adhabu inatosha kabisa kuisafisha damu. Jina halisafishwi hivyo. Mkataba mnono unatokana na ushindi, na ushindi mwingine ulikuwa wa sindano: Millar alikiri kuitumia EPO mwaka 2001 na 2003. Aliporudi 2006, timu ya Saunier Duval ilimsajili mtu aliyekwisha kujulikana duniani. Kijana ambaye aliikataa sindano akakosa mkataba hakuwa na jina la kurudia.

Rogers alipewa dhahabu yake, sawa. Ile dakika ya kuvuka mstari akijua ameshinda, hakuna chama cha baiskeli kinachoweza kumrudishia.

Sasa upande wa pili, ambao mwishowe ndio ulionishawishi. Tuanze na mazingira. Kashfa ya timu ya Festina ya 1998 ilianza pale msaidizi wa timu alipokamatwa mpakani na gari lililojaa dawa, na ikabainika kwamba timu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiendesha mpango huo. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilipokosa kipimo cha EPO, kiliweka mwaka 1997 kikomo cha asilimia 50 kwa sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe nyekundu. Ukizidi hapo, unapumzishwa. Maana yake kwa mjanja ilikuwa wazi: jaza hadi 49. Millar aliingia mchezo wa kulipwa mwaka huohuo wa 1997, na kwa miaka kadhaa alikataa. Hilo halimwondolei kosa. Linatuonyesha tu kwamba kumfungia mtu mmoja maisha kusingegusa waliomzunguka, madaktari na mameneja ambao majina yao hayaandikwi kwenye jezi.

Aliporudi alisema. Alieleza namna wazo linavyoanza kuingia, nani anakaa kimya chumbani, kipimo kinavyokwepwa. Aliingia kwenye kamati ya wanamichezo ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo. Alijiunga na timu ya Slipstream, iliyojitangaza kuwa itapima wachezaji wake zaidi ya sheria ilivyodai. Vijana walimsikiliza kwa sababu alikuwa bado anaendesha nao, siku ileile, mlima uleule. Kama kukiri kungekuwa na malipo ya kufukuzwa moja kwa moja, mtu wa namna hiyo angekaa kimya na mwanasheria wake.

Uingereza yenyewe ilijaribu njia ya kufukuza. Kamati yake ya Olimpiki ilikuwa na kanuni ya tangu 1992, kwamba aliyefungiwa kwa dawa haendi Olimpiki tena maisha yake yote. Aprili 2012 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliamua kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume na sheria za dunia za WADA, kwa kuwa inaongeza adhabu juu ya adhabu. Millar akaenda Olimpiki ya London kumkatia upepo mwenzake wa timu ya Uingereza, Mark Cavendish. Siku ile dhahabu ilichukuliwa na Alexandre Vinokourov wa Kazakhstan, ambaye alikutwa na damu ya kuongezewa kwenye Tour ya 2007 na hakukubali kosa lake. Wote wawili walirudi kwa sheria moja, aliyeeleza na asiyeeleza. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya mfumo: unahesabu miaka, hauhesabu ukweli uliosemwa. Adhabu ya msingi ilipandishwa hadi miaka minne mwaka 2015. Mimi ningeanza na kuulizwa maswali: nani alikupa, nani alilipa, nani alijua. Asiyejibu asubiri.

Wiki mbili kabla ya London, tarehe 13 Julai 2012, Millar alishinda siku ya 12 ya Tour, zaidi ya kilomita 220 kutoka Saint-Jean-de-Maurienne. Alimshinda Jean-Christophe Péraud kwenye mita za mwisho, akajilaza chali juu ya lami, kifua kikipanda na kushuka. Ilikuwa miaka 45 kamili tangu Mwingereza Tom Simpson alipofia kwenye mlima Ventoux akiwa na amfetamini mwilini. Millar aliijua tarehe hiyo, na alisema waziwazi kwamba yeye ni mtumiaji wa zamani aliyeshinda akiwa safi. Ushindi ule niliufurahia, na bado naufurahia.

Ila kila ninapoukumbuka namkumbuka pia mwendesha baiskeli Mfaransa, Christophe Bassons. Alikuwa Festina, na wenzake ndio walioeleza kwamba yeye alikataa dawa. Tour ya 1999 alizungumzia dawa hadharani. Msafara wa waendesha baiskeli ukamtenga, Armstrong akamsogelea katikati ya mbio na kumwambia aondoke, na Bassons akaondoka kabla Tour haijafika Paris. Hakufungiwa, kwa hiyo hakuna aliyempangia siku ya kurudi wala timu iliyomngojea. Aliacha mbio za kulipwa mwaka 2001, mwaka uleule ambao Millar alijidunga EPO kwa mara ya kwanza.