Dereva, patipati ziache nyumbani

Jumamosi nilipanda matatu Kisumu kuja Nakuru, nikakaa mbele kando ya dereva. Mvua ilitushika tangu Kericho. Tukianza kuteremka Sachangwan nikaona mguu wake wa kulia: patipati ya bluu, kamba imeshikizwa kwa msumari. Lori la mbele likawasha taa za breki. Mguu wa dereva uliruka, patipati ikabaki, ikajikunja chini ya pedali. Akaipiga teke, akakanyaga kwa unyayo mtupu. Tulisimama karibu kabisa na lile lori. Mama mmoja nyuma yangu akasema, “Kijana wangu, hata kiatu huna?” Akajibu kwamba Kisumu kuna joto.

Sachangwan, jamani! Tumezika wangapi kutoka mteremko ule?

Watu hudhani breki ni nguvu za mguu tu. Kazi iko kwenye kisigino. Kisigino hutulia sakafuni, mguu ukakigeukia kutoka pedali ya mafuta kwenda ya breki. Patipati haina cha kushika kisigino. Inaning'inia kwenye vidole viwili, na ukiharakisha mguu inaachwa nyuma, au soli inapinda ikanasa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hula takriban mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kupapasa patipati ni kama urefu wa matatu nne zilizofuatana, na breki bado haijaguswa. Nyuma yako kuna watoto wa watu.

Polisi wanakagua sare, mikanda, kidhibiti mwendo. Sijaona hata mmoja akiangalia miguu ya dereva.

Haya, joto la Kisumu nalijua, na wapo wanaosema bora miguu mitupu. Heri hao kuliko wa patipati. Lakini unyayo uliolowa huteleza, na ukikanyaga kwa nguvu zote pedali inauma, mguu unalegea wenyewe.

Dada zangu wa viatu virefu, kisigino cha kiatu changu kiliwahi kunasa kwenye mkeka wa gari nikitoka kanisani; tangu siku hiyo navibadilisha kabla ya kuwasha injini. Na ndugu zangu wa Molo mnaotoka shambani na gambuti, soli ile pana hukanyaga breki na mafuta pamoja.

Raba nyepesi ya mtumba inatosha, iwe na soli nyembamba na kamba za kufunga. Soko la Kibuye, Kisumu, zimejaa. Zangu hukaa nyuma ya kiti cha abiria. Usiziweke chini ya kiti chako, maana ukifunga breki zitateleza hadi kwenye pedali.

Tulipofika steji nilimwambia, “Ndugu yangu, kesho vaa raba, tafadhali.” Hakujibu. Alikuwa ameinua mguu juu ya goti, anausugua, na alama nyekundu ya pedali imekaa katikati ya unyayo.