Maji ya Kibirizi na mnara wa Siloamu

Mwaka 2021, ziwa Tanganyika lilipokuwa linazidi kupanda, asubuhi moja nilikuwa mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, namsaidia mama mmoja kuhamisha vichanja vyake vya kuanikia dagaa. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kizingiti cha chumba alichokuwa anawekea magunia. Hatua chache juu yetu alisimama mhubiri mwenye kipaza sauti cha betri, anasoma Luka 21, pale panaposema mataifa watashangaa kwa uvumi wa bahari na msukosuko wake. Akafunga kitabu, akanyoosha kidole majini. "Mnaona wenyewe. Hukumu imeanza."

Yule mama hakumjibu. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hivi mimi nimemkosea Mungu nini kuliko wale wa mtaa wa Mwanga kule juu, maji yasikofika?"

Sikuwa na jibu. Ninaandika haya kwa sababu nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na kila nikidhani nimelipata upande mmoja, upande wa pili unanivuta.

Unabii wa siku za mwisho hauwezi kukosa wasikilizaji Kigoma, na kisa chake si ujinga wa watu. Mtu wa mkoa mwingine akisoma kwamba mtasikia "habari za vita na matetesi ya vita", labda atakumbuka taarifa ya habari. Sisi vita hutufikia kwa miguu na kwa mtumbwi. Mei 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawavamia palepale ufukweni, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996; waliozaliwa humo sasa nao ni wazazi. Ongeza ziwa kumeza nyumba, ongeza Uviko, ongeza dagaa kupungua mpaka serikali ikafunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu mwaka 2024. Halafu mpe mtu Mathayo 24 asome. Ataona kimekosekana jina la kijiji chake tu.

Kwa hiyo mhubiri wa Kibirizi hakuokota maneno barabarani. Manabii wa Agano la Kale hawakuwa na haya kuihusisha mikasa ya nchi na mkono wa Mungu. Amosi anauliza kama mji unaweza kupatwa na mabaya asiyoyaleta Bwana. Hosea ndiye anayenichoma zaidi, mimi niliyekulia kando ya maji. Katika sura ya 4 anasema hakuna kweli wala fadhili wala kumjua Mungu katika nchi, kuna kuapa kwa uongo, kuua na kuiba, kwa ajili ya hayo nchi itaomboleza, "naam, samaki wa baharini pia wataondolewa." Msomee mvuvi wa Kibirizi mstari huo uone atakavyonyamaza. Anajua habari za makokoro, nyavu zinazoburutwa ufukweni usiku, zinazoa mpaka vifaranga vya samaki. Anajua nani anazifumbia macho na kwa bei gani. Wizi unatajwa mstari wa pili, samaki wanaondoka mstari wa tatu. Wanasayansi nao wana sehemu yao: maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, hivyo rutuba iliyoko kilindini haipandi kulisha vijidudu vinavyoliwa na dagaa. Lakini hata hilo joto halikujileta lenyewe. Anayesema dhambi ya watu na hali ya nchi havihusiani kabisa itabidi amfute Hosea, na mimi sina raba ya kufutia Hosea.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na baadhi yake zimeandikwa kwenye mwambao wetu.

Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo karibu na Kalemie. Maji mengi hayatoki kwa mto huo. Yanapaa na jua. Mvua zikizidi misimu miwili mitatu mfululizo, kama zilivyofanya kuanzia mwishoni mwa 2019, ziwa linajaa na halipungui upesi. Hilo halikuwa jipya. Mpelelezi Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta miti iliyokuwa sokoni alipokutana na Livingstone mwaka 1871 sasa imesimama ndani ya ziwa. Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwaka 1878 maji yakauzibua, ziwa likaanza kushuka, likashuka kwa miaka mingi. Ndiyo maana leo ukienda kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji unashangaa: walikutana karibu na maji, lakini ziwa lenyewe liko mbali na miguu yako. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda tena, likafika kilele 1964, na wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wanaonyesha lilipofika. Dunia haikwisha 1878. Haikwisha 1964.

Nilimwambia hayo mhubiri mmoja tuliyekuwa tukisali pamoja, nikidhani nimemfunga mdomo. Akanijibu kwa upole kwamba Yesu aliyaita mambo hayo "mwanzo wa utungu", na kwamba mama aliye katika uchungu hapati mshindo mmoja. Uchungu unakuja, unaachia, unarudi. Kujirudia kwa dalili, alisema, si ushahidi kwamba hakuna mtoto. Hoja hiyo ni ya haki na sijaipindua. Ila inamdai na yeye kitu: kama uchungu unakuja na kuachia kwa vizazi, basi hakuna anayeweza kusimama juu ya wimbi moja akasema hili ndilo la mwisho. Na Yesu mwenyewe, baada tu ya kutaja vita, anasema: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado."

Tena sura ile yote, Mathayo 24, ilianzia kwenye majengo. Wanafunzi walikuwa wanamwonyesha hekalu, akawaambia halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mwaka 70 baada ya Kristo jeshi la Rumi chini ya Tito likauteketeza Yerusalemu na hekalu likabomolewa. Wapo wasomaji wanaosema karibu kila kitu cha Mathayo 24 kilitimia hapo, na wanashika neno "kizazi hiki hakitapita". Wengine wanasema Yerusalemu ulikuwa kivuli cha jambo kubwa zaidi lijalo. Mimi naona maswali mawili ya wanafunzi, la hekalu na la kurudi kwake, yamesukwa pamoja kama nyuzi za mkeka, na anayejaribu kuchomoa moja anafumua lote. Kinachobaki wazi ni mstari wa 36: siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake.

Waliojaribu kuijua wameacha makaburi. William Miller wa Marekani alizihesabu siku 2,300 za Danieli 8:14 kama miaka, na wafuasi wake wakafikia 22 Oktoba 1844. Walikesha, kukapambazuka, wakalia. Katika watu wa maumivu yale lilizaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo wengi wetu hapa Kigoma tuna ndugu humo, na kanisa hilo lilijifunza: linangoja marejeo bila kutaja tarehe. Wengine hawakujifunza. Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, baada ya viongozi wao kuwaahidi mwisho wa dunia uliokuwa umeshapita tarehe yake. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula wakamlaki Yesu. Watoto walikuwemo. Siwezi kuyaita hayo tofauti ya tafsiri.

Kuhusu 666, hesabu ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo, nitasema kidogo tu, maana wakati wa chanjo ya Uviko nilisikia mengi yaliyowatia watu hofu bure. Ufunuo uliandikwa kwa makanisa saba ya Asia chini ya utawala wa Rumi, nao unasema ni hesabu ya kibinadamu. Jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ambazo kila moja ina thamani ya namba, linatoa 666; likiandikwa kwa matamshi ya Kilatini linatoa 616, na zipo nakala za kale zenye 616 hasa. Msomaji wa kwanza huenda alijua anaambiwa habari za nani. Sindano ya bega haikuwa katika mawazo yake.

Narudi kwa yule mama, kwa sababu swali lake lilishawahi kuulizwa.

Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao. Wanasubiri maelezo, kama sisi tunavyosubiri maelezo boti ikizama. Yeye anaongeza msiba mwingine, wa Yerusalemu: "Au wale kumi na wanane, walioangukiwa na mnara huko Siloamu, ukawaua, mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Nawaambia, Sivyo."

Neno moja, sivyo. Angeweza kusema mengi, kuhusu waashi waliojenga vibaya au msingi uliotitia. Hakusema. Alichokata ni ile kamba tunayofunga kati ya ukubwa wa msiba wa mtu na ukubwa wa dhambi yake. Katika Yohana 9 anaikata tena, wanafunzi wanapouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Kwa hiyo Hosea na Luka hawagombani. Hosea anaihukumu nchi nzima, tena akiwataja makuhani waziwazi. Haendi mlangoni kwa mjane kumhesabia makosa. Anayesimama mwalo wa Kibirizi na kuwanyooshea kidole waliofurikiwa hamfuati Hosea. Amewafuata rafiki zake Ayubu, waliodhani anateseka kwa sababu ya dhambi zake.

Ningeweza kuishia hapo, na ndugu zangu wa upande wa pili wangefurahi. Wapo wanaosema basi tuache kabisa kuhubiri hukumu, Mungu ni upendo, kutishana kumepitwa na wakati. Nilikuwa naelekea huko. Kilichonigeuza ni ibada moja ya Wakongo niliyohudhuria Kasulu. Walisoma Ufunuo 6, roho za waliochinjwa wakilia chini ya madhabahu: hata lini, Ee Mola, kutokuhukumu wala kuipatia haki damu yetu? Dada mmoja mbele yangu alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili, anarudia "hata lini, hata lini", mpaka waliokuwa karibu naye wakamshika mabega. Nilifahamu baadaye kwamba alizika watu wake wa nyumbani kabla ya kuvuka ziwa, na aliyewaua hajawahi kusimama mbele ya hakimu yeyote. Mwambie dada huyo kwamba hakuna hukumu. Kwake siku ya Bwana ndiyo mahakama pekee iliyobaki wazi. Sisi tulioshiba na kulala salama ndio tunaoweza kuona neno hukumu linachukiza.

Na katika Mathayo 25, baada ya dalili zote zile, hukumu yenyewe inasimuliwa. Hakuna anayeulizwa kama alijua tarehe. Nalikuwa na njaa, nalikuwa mgeni, nalikuwa gerezani. Siku ya mtihani imefichwa, lakini maswali tumepewa, na moja linahusu wageni. Katika mkoa wenye Nyarugusu, mahubiri ya siku za mwisho yasiyogusa swali hilo yameruka ukurasa.

Yona naye alihubiri hukumu yenye tarehe: bado siku arobaini Ninawi utaangamizwa. Siku zikapita, mji ukabaki, kwa sababu watu walitubu. Yona akakasirika, akatoka akaketi upande wa mashariki wa mji ili aone utakuwaje. Picha hiyo hainiachi: nabii amekaa kivulini anangoja watu waangamie ili maneno yake yawe kweli. Mungu anamuuliza habari za watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi, na kitabu kinaisha bila jibu lake.

Wiki chache baada ya siku ile nilimtafuta mhubiri wa Kibirizi. Nilikwenda na Luka 13 mkononi, nimejiandaa. Tulikaa kwenye jiwe nyuma ya vibanda vya mawese, nikamsomea mpaka "Nawaambia, Sivyo." Nikanyamaza ili neno limwingie.

"Endelea," akasema.

Nikasoma: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

"Hapo ndipo wengi mnaposimamisha gari kabla ya kufika," akasema. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimekusudia kuishia katikati ya mstari. Akaichukua Biblia, akausoma tena wote kwa sauti ndogo, tangu Siloamu, akakaa nao kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza yule mama wa dagaa amehamia wapi, na kama bado ana magunia ya kubeba.